Kichwa cha Justa

Nyamizi aliamka kabla ya jua, kama kawaida yake. Alipuliza moto, akainjika sufuria ya uji, akachukua ndoo kwenda bombani. Kambi ya wachimbaji pale Geita ilikuwa na bomba moja kwa safu nzima ya nyumba, na aliyechelewa alikuta foleni ndefu. Mumewe, Bujiku, alikuwa bado hajatoka kazini. Alifanya zamu ya usiku chini ya ardhi, akivunja mawe yenye dhahabu ya watu wengine.

Kwao ni Kishapu, nchi kavu ya pamba na ng'ombe. Miaka ile, kabla ya Uhuru, watu wengi wa huko walikwenda migodini mvua ilipokataa kunyesha. Kambini watu walitoka kila upande, kwa hiyo Nyamizi alijifunza Kiswahili. Nyumbani kwake walizungumza Kisukuma.

Aliporudi na maji alimkuta binti yake, Justa, ameinama mlangoni anatapika.

"Tena?"

"Tena, mayu," Justa akajibu. Kwa Kisukuma, mayu ni mama.

Justa alikuwa na miaka minane hivi. Tangu mavuno ya mtama alikuwa akiamka na kichwa kinachouma. Akishatapika, kichwa kilipoa kidogo, naye akaendelea na michezo yake. Mchana ungemwona ukadhani hana neno. Kesho yake asubuhi, yaleyale.

Nyamizi alimfuta mdomo. Akamwaga mchanga juu ya matapishi, akaufagia, akamkorogea uji.

Na walikuwa wamejaribu mengi. Dresa Januari, aliyetibu wagonjwa kwenye zahanati ya kambi, alimpa mtoto kwinini. Haikusaidia. Akampa dawa ya minyoo. Haikusaidia. Mama mkwe wake Nyamizi alikuja kutoka Kishapu, akampeleka mjukuu wake kwa mfumu, mganga wa jadi, naye akamchanja chale kwenye paji la uso. Chale zilipona, kichwa hakikupona. Bujiku alinunua vidonge vya maumivu dukani kwa Mwarabu. Mtoto alivimeza, akavitapika.

Halafu Justa akaanza kuyumba. Akienda kuchota maji alitembea miguu imetanuka, kama mtu aliye ndani ya mashua. Siku moja alianguka na ndoo mbele ya watoto wenzake.

"Justa kalewa! Justa kalewa!" wakaimba.

Nyamizi alimbeba mgongoni, mtoto mkubwa vile, akarudi naye zahanati.

"Shikamoo, bwana dresa."

"Marahaba, Mama Justa. Ni kichwa tena?"

"Kichwa tena. Na sasa miguu."

Safari hii Januari hakufungua kabati la dawa. Alimpima mtoto joto la mwili. Akamwambia atembee kutoka mlangoni hadi kwenye meza. Justa aliyumba, akashika ukuta. Akamwambia aguse pua yake kwa kidole. Kidole kilienda kwenye shavu. Kisha Januari akamtazama macho kwa muda mrefu. Jicho la kushoto lilikuwa limevutwa ndani, kuelekea puani.

"Mama Justa," akasema, "nilimpa kwinini kwa sababu wengi wanaokuja hapa wana malaria. Lakini mwenye malaria huwa na homa. Huyu hana homa, na hajawahi kuwa nayo. Kichwa kinamuuma asubuhi. Anatapika bila kuharisha. Anayumba. Jicho limepinda. Mambo haya yakikutana kwa mtoto mmoja, tatizo haliko tumboni. Liko ndani ya kichwa."

"Ni nini hicho kilichomo?"

"Sijui, na hapa sina kifaa cha kujua. Usimpe dawa nyingine tena. Lori la kesho litawapeleka Busisi, mvuke ziwa hadi Mwanza. Msingoje mwisho wa mwezi."

Walikwenda wote watatu, kwa kuwa Bujiku aliomba ruhusa ya siku chache. Mwanza, daktari aliingiza Justa kwenye chumba chenye giza, akamwangalia ndani ya macho kwa taa ndogo. Alipotoka alizungumza polepole.

"Nyuma ya macho pamevimba. Maana yake kuna kitu kinasukuma ndani ya kichwa. Akiachwa hivi atapofuka, na baadaye atakufa. Mimi siwezi kumpasua hapa. Nairobi yuko mpasuaji anayefungua vichwa. Serikali italipa nauli ya mgonjwa na mtu mmoja wa kumsindikiza."

Walirudi Geita kufunga mizigo. Jioni ile walikaa uani, Bujiku, Nyamizi na mama mkwe. Justa alikuwa amelala ndani. Mama mkwe alikuwa wa kwanza kusema.

"Mkono ukikatwa, mtu anaishi. Mguu ukikatwa, mtu anaishi. Kichwa ndiye mtu mwenyewe. Kichwa hakifunguliwi."

Bujiku alikuwa na vumbi la mgodi masikioni na kwenye kope.

"Mama," Bujiku akasema, "tukimwacha, unajua nini kitatokea?"

"Anajua Mungu."

"Daktari naye amesema. Na sisi tunaona kwa macho yetu." Akamgeukia mkewe. "Nenda wewe. Mimi nikiacha zamu nitafukuzwa. Huko utaulizwa maneno, na mimi sitakuwepo. Utakaloamua ndilo langu. Likitokea baya, hakuna mtu wa nyumba hii atakayekunyooshea kidole. Mama, umesikia?"

Mama mkwe alichora chini kwa kijiti, akafuta, akachora tena.

"Nimesikia," akasema. Kisha akaingia ndani kukaa na mjukuu wake.

Safari ilikuwa ndefu. Melini walikaa sitaha ya chini, katikati ya magunia ya mchele na matenga ya samaki wakavu. Justa alilala kichwa chake kikiwa mapajani mwa mama yake. Kila meli ilipoyumba alitapika. Kutoka Kisumu walipanda treni. Nyamizi alikuwa hajawahi kupanda treni, lakini hakuangalia nje. Aliangalia kama mtoto anapumua.

Hospitali ya Nairobi ilikuwa kubwa na yenye baridi. Watu walizungumza lugha asizozijua. Alikuwa amekaa kwenye benchi, hana hata nguvu ya kulia, aliposikia Kiswahili cha kwao.

"Wewe ndiye uliyetoka Geita? Pole na safari. Mimi naitwa Apolonia. Kwetu ni Bukoba. Nimesomea uuguzi, na nitakuwa nawe daktari akizungumza."

Mpasuaji alikuwa Mzungu mrefu, mabega yameinama, macho mekundu kama ya Bujiku baada ya zamu. Kiswahili chake kilikuwa cha kutoa amri tu. Kwa maneno makubwa alisema Kiingereza, na Apolonia akageuza kwa Kiswahili.

"Fuvu la kichwa ni gumu kama kibuyu," akaanza. "Ndani yake kuna ubongo. Kuna pia maji kidogo, yanayotengenezwa kila siku na kutoka kila siku. Nadhani mtoto wako ana uvimbe hapa nyuma, juu ya shingo. Uvimbe umeziba njia ya maji. Maji yanajaa, na kibuyu hakitanuki. Usiku akilala shinikizo linazidi, ndiyo maana asubuhi anatapika."

Nyamizi aliuliza swali alilolibeba tangu mavuno ya mtama.

"Nani alimtia uvimbe huo?"

"Hakuna aliyemtia. Hautokani na chakula, wala na kuanguka. Wewe hukufanya kosa lolote ulipokuwa na mimba yake. Uvimbe huota tu wenyewe. Kwa nini huota, hata sisi hatujui."

Nyamizi aliinamisha kichwa. Mpasuaji akaendelea.

"Kuna njia tatu. Unaweza kurudi naye nyumbani na dawa za kupunguza maumivu. Hiyo nayo ni njia, na hapa hakuna atakayekulaumu. Lakini ataacha kuona, na baadaye atalala asiamke. Sisemi miaka. Nasema miezi."

"Ya pili?"

"Nitoboe tundu dogo, nipunguze maji, nisiguse uvimbe. Kichwa kitapoa kwa muda. Uvimbe utaendelea kukua."

"Ya tatu?"

"Nifungue nyuma ya kichwa niutoe. Anaweza kufa mezani. Anaweza kuamka akiwa hawezi kutembea sawasawa, au jicho lisirudi. Anaweza pia kupona."

"Umeshaifanya kazi hiyo?"

"Nimeifanya. Wengine wako hai. Wengine walikufa." Akasema neno moja zaidi, na Apolonia akamtazama kabla ya kuligeuza.

"Anasema, wa mwisho alikufa."

Nyamizi alimtazama yule mtu mrefu. Tangu mtoto augue, watu wengi walikuwa wamemwambia atapona. Huyu peke yake ndiye aliyesema kuna aliyekufa mikononi mwake.

"Kuna jambo jingine," mpasuaji akasema. "Kwanza nitatoboa tundu, nitatoa maji kidogo na kuingiza hewa, halafu tutapiga picha ya eksirei. Picha itanionyesha uvimbe uko wapi. Ukiwa mahali nisipofika, nitafungua njia ya maji tu na kuacha. Ukiwa nyuma, nitaendelea siku hiyohiyo, kwa sababu kungoja baada ya picha ni hatari. Kwa hiyo lazima tukubaliane sasa. Na huenda uvimbe umeng'ang'ania sehemu inayoendesha pumzi. Nikikuta hivyo, nitaacha kipande. Nikikivuta, mtoto ataacha kupumua. Wazazi wengine huniambia, toa chote. Mimi siwezi kuahidi chote."

"Kipande hicho kitakua tena?"

"Kinaweza. Kinaweza pia kukaa miaka bila kukua."

Akaweka karatasi mezani, na kidau cha wino wa dole gumba. Apolonia akaisogeza kando.

"Bado, daktari," akasema. Akamgeukia Nyamizi. "Dada, kabla ya kuweka dole, nieleze mimi. Jifanye mimi ndiye mama mkwe wako, sijasikia lolote. Wanataka kumfanya nini mjukuu wangu?"

Nyamizi alianza kueleza. Alikwama kwenye habari ya hewa na picha, Apolonia akarudia. Alikwama tena kwenye kile kipande, akauliza, akajibiwa. Mpasuaji alingoja mpaka amalize.

"Sasa nipe nafasi niseme na mwanangu," Nyamizi akasema.

"Mpaka kesho," mpasuaji akajibu. "Zaidi ya hapo macho yake hayatatungoja."

Justa alikuwa amelala ubavu, uso ukutani, kwa sababu mwanga ulimuumiza.

"Justa, daktari anataka kufungua kichwa chako nyuma, atoe uvimbe unaokuuma."

"Nitasikia?"

"Hutasikia. Utalazwa usingizi wa dawa."

"Nitapona?"

Nyamizi alitaka kusema ndiyo. Neno lilifika ulimini.

"Wanasema unaweza kupona. Unaweza pia usipone. Lakini bila hivyo, huponi."

Justa akageuka taratibu. Akafumba jicho moja ili amwone vizuri.

"Mayu, kila asubuhi nakuona mko wawili. Sijui nimjibu yupi. Nimechoka."

"Na mimi nimechoka, mwanangu."

"Basi afungue," Justa akasema, akarudi kutazama ukuta.

Nyamizi alikaa pale kitandani. Aliipitia njia ya kwanza mpaka mwisho wake. Akaipitia ya pili mpaka mwisho wake. Mwisho wa zote mbili aliuona waziwazi. Mwisho wa ile ya tatu hakuuona, na hapo ndipo pekee palipokuwa na nafasi. Asubuhi aliweka dole gumba.

Siku ya kupasuliwa, Justa alinyolewa nywele zote. Walipomwingiza ndani, Nyamizi alikaa kwenye benchi la ukumbini. Apolonia alimletea chai. Chai ilipoa, ikafanya utando. Jua lilitoka dirisha la upande huu, likahamia la upande ule.

Mpasuaji alitoka na kofia mkononi. Alikuwa mwekundu shingoni, na alikaa benchini bila kukaribishwa.

"Yu hai?" Nyamizi akauliza.

"Yu hai. Uvimbe ulikuwa nyuma, pamoja na mfuko wa maji ya manjano. Nimeutoa. Kipande kidogo kimebaki, pale nilipokuambia."

Nyamizi alishika ukingo wa koti lake kumshukuru.

Justa aliamka. Alifumbua macho, akaangalia huku na huku, akameza maji. Lakini hakusema. Siku ya pili hakusema. Siku zikafuatana, na mtoto hakutoa neno, alilia tu kwa sauti nyembamba kama ya ndama. Shingo ilikuwa legelege. Hakuweza kuketi.

"Nimemnunulia uhai kwa ulimi wake," Nyamizi alimwambia Apolonia. "Nitamwambia nini baba yake?"

"Sijui kwa nini hasemi," Apolonia akajibu. "Nimemuuliza daktari. Anasema amewahi kumwona mtoto mmoja hivi, na alisema tena baadaye. Hawezi kuahidi. Wewe mwoshe, mgeuze, mlishe, na umwongeleshe hata asipojibu."

Basi Nyamizi alimwongelesha. Alimhadithia habari za bomba la kambini, nani kagombana na nani kwenye foleni, ng'ombe gani wa babu yake alizaa. Alijisikia kama mtu anayeongea ndani ya shimo. Alilala sakafuni kando ya kitanda, mgongo ukauma, miguu ikavimba. Asubuhi moja ndipo alipolitambua jambo ambalo uchovu ulikuwa umelificha. Tangu apasuliwe, Justa hakuwa ametapika hata mara moja.

Siku moja alikuwa akimlisha uji, huku akili yake iko mbali. Kijiko kilisimama njiani.

"Umepoa," Justa akasema.

Nyamizi akatazama nyuma kuona nani kasema.

"Mayu. Uji umepoa."

Nyamizi akabeba bakuli, akaenda jikoni kuupasha uji moto. Akalia huko huko, mbele ya wapishi.

Maneno yalirudi moja moja, halafu mengi. Miguu ilichelewa zaidi. Justa alijifunza kuketi, kisha kusimama ameshika chuma cha kitanda, kisha kutembea ameshika kiuno cha mama yake. Siku ya kuagwa, mpasuaji alisema, na Apolonia akageuza.

"Kichwa cha asubuhi kikirudi, au kutapika, au kuyumba kuzidi, usingoje. Nenda hospitali siku ileile, waambie amepasuliwa uvimbe. Na kila mwaka apimwe macho Mwanza."

Bujiku aliwapokea gatini Mwanza. Aliona mtoto mwenye kilemba akishuka ngazi polepole, mkono mmoja kwenye kamba. Alikwenda kumbeba.

"Niache, baba," Justa akasema. "Natembea."

Naye Bujiku akaziba uso kwa kofia yake.

Justa hakurudi kuwa kama zamani. Jicho la kushoto halikunyooka kabisa. Hakuweza kubeba ndoo kichwani wala kukimbia na wenzake. Lakini aliona kitu kimoja pale kilipo kimoja. Aliamka asubuhi akiwa na njaa. Mwaka uliofuata aliingia darasani, akakaa mstari wa mbele. Bibi yake alikuja kutoka Kishapu, akamvua kilemba, akapapasa kovu toka juu hadi chini.

"Kumbe kinafunguliwa," akasema, akamfunga kilemba tena.

Kila mwaka Nyamizi alimpeleka Mwanza, na kila mwaka hakulala vizuri mpaka daktari alipozima ile taa ndogo.

Adhuhuri moja alikuwa ametoka kulima, jembe bado begani, aliposikia Januari akimwita toka zahanati. Ndani alikuwapo mwanamke kijana kutoka Masumbwe, amebeba mtoto mdogo mgongoni. Kichwa cha mtoto kilikuwa kimeegemea bega la mama yake, na jicho moja limepinda.

"Anaitwa Philomena," Januari akasema. "Nimemwambia aende Mwanza leo. Anaogopa. Nimeona bora aongee na wewe."

"Shikamoo, mama," Philomena akasema.

"Marahaba, mwanangu."

"Wanasema mwanao alifunguliwa kichwa. Ulijuaje kwamba atapona?"

"Sikujua. Na wewe huenda usipate nilichopata mimi, sitakudanganya. Lakini niliuliza kila kitu. Tukimwacha, itakuwaje? Tukimpasua, nini kinaweza kuharibika? Mtafanya nini mkikuta msichokitarajia? Niliuliza mpaka nikaweza kueleza mwenyewe. Hapo ndipo nilipoweka dole. Mtoto anatapika asubuhi?"

"Kila asubuhi."

"Homa?"

"Hana. Mama mkwe anataka tumpeleke kwanza nyumbani, tungoje mwezi mpya."

"Usingoje. Macho hayangoji."

Philomena akaangalia chini. "Sijawahi kufika Mwanza. Sijui hata hospitali iko upande gani."

Nyamizi alishusha pumzi. Magoti yalikuwa yakimuuma, na palizi ilikuwa bado nusu. Bujiku angerudi akute jiko limezimika. Nje, dereva alikuwa akijaza maji kwenye rejeta ya lori la Busisi.

Akaegemeza jembe ukutani.

"Januari," akasema, "mwambie dereva anipatie nafasi kidogo kwenye lori. Na ukimwona Baba Justa, mwambie unga uko kwenye mtungi."

Akaupokea mzigo wa Philomena, wakatoka pamoja.